Bukari, Mihogo na Miguu Iliyofungwa: Historia ya Konzo

Hapa Lubumbashi, mutu ambaye hajakula bukari atasema hajakula kitu, hata ukimushibisha mukate. Wengine wanapenda ile ya mahindi tupu, wengine wanachanganya na mihogo ili ivutike vizuri mukononi. Unga wa mahindi ukipanda bei, mihogo inaongezeka ndani ya sufuria. Mihogo yenyewe si chakula cha babu zetu wa zamani sana: Wareno waliileta kutoka Brazil tangu karne ya 16, ikaingia Kongo kwa upande wa bahari, ikapanda pole pole mpaka bonde la Luapula.

Kuleta mumea ni jambo moja, kujua kuutengeneza ni jingine. Ile mihogo michungu ina sumu ndani yake, ambayo wanakemia wanaiita sianidi. Kwa hiyo bamama wa vijijini walifanya desturi: kumenya, kuloweka ndani ya maji siku tatu au ine mpaka ilainike, kuanika juani, halafu kutwanga. Wageni waliosikia harufu ya mihogo iliyolowekwa walicheka, bila kujua kama ile harufu njo dawa yenyewe. Mihogo ikichacha, sumu inatoka.

Desturi hiyo ikikatwa, kinachofuata kina jina. Mwaka wa 1938, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, munganga Giovanni Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa watu wa Kwango, ambao Wayaka wenyewe walikuwa tayari wameuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mimi naona jina lile linasema vizuri kuliko maneno marefu ya waganga. Mutu analala muzima, au anarudi kutoka safari ndefu na mizigo, na kwa saa chache tu miguu inatetemeka, inakazana, inakataa. Haiwi milegevu kama ya mutoto wa polio. Yenyewe inakuwa migumu, magoti yanagongana, na mutu anatembea kwa ncha za vidole, miguu ikipishana kama makasi. Wengine wanapata shida ya kusema ao ya kuona.

Sababu ya tofauti hiyo ni mahali penye kuharibika. Polio inaua zile seli za ndani ya uti wa mgongo zinazoamuru musuli moja kwa moja, njo maana mguu unalegea na kukonda. Konzo inaharibu njia ya juu, ile inayoshuka kutoka ubongoni kupitia uti wa mgongo. Musuli ungali hai, lakini amri ya kuulegeza haifiki. Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho kinaweza kulemaza miguu, na hicho kina dawa zake. Kwa hiyo kabla ya kusema «ni uchawi» ao «ni konzo», mugonjwa apelekwe hospitali.

Wanaopatwa zaidi na konzo ni watoto waliokwisha kuacha ziwa na bamama wenye umri wa kuzaa. Familia nyingi zilianza kutafuta nani aliyeroga, na mutu akafukuzwa bure. Kumbe mwili unahitaji protini ya maharagi, samaki ao nyama ili kuvunja ile sumu. Mwenye kula mihogo peke yake, asubuhi na magaribi, hana silaha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti, kati yao Thorkild Tylleskär kutoka Sweden, walionyesha jambo la ajabu katika Bandundu ya wakati ule. Barabara mupya ya lami ilikuwa imefika. Kamioni zilibeba mihogo mpaka Kinshasa, feza ikaingia, na bamama, kwa haraka ya soko, wakaanza kuloweka usiku mumoja tu pahali pa tatu. Barabara ile ile tunayoililia sisi wote ilileta ulemavu. Pengine ni ukame ulioleta haraka: katika jimbo la Nampula, Msumbiji, mwaka wa 1981 watu zaidi ya 1,000 walipatwa, na wenyeji waliuita ugonjwa mantakassa. Tarime, Tanzania, nako konzo ilionekana mwaka wa 1985, wakati wa njaa.

Dawa ya kuurudisha mguu hakuna. Konzo haiongezeki yenyewe, lakini haiponi pia. Kinachobaki ni kunyoosha viungo kila siku, kufundisha kutembea kati ya miti miwili iliyosimikwa kiwanjani, fimbo, dawa za kulegeza musuli, na mara nyingine upasuaji wa kurefusha mushipa wa kisigino ili mguu ukanyage chini. Mutoto aliyetambaa anaweza kufika kwa fimbo mpaka masomo.

Kuzuia kunawezekana. Howard Bradbury wa Australia alitengeneza njia nyepesi, na tangu mwaka wa 2010 bamama wa kijiji cha Kay Kay, eneo la Popokabaka, waliijaribu: unga wa mihogo unachanganywa na maji, unatandazwa wembamba juu ya mukeka, saa mbili juani ao saa tano kivulini, sumu inapanda hewani. Kisha unapikwa bukari siku ile ile. Muda wa jaribio, hakuna mugonjwa mupya aliyeonekana pale.