Eropleni Zilizotua Majini Mwanza

Wasikilizaji wetu, nanyi mnaosoma mazungumzo haya katika kitabu, leo twapenda kusema habari za uzuri wa chombo. Mtu wa pwani ya Ziwa Victoria haoni taabu kulielewa neno hili, maana tangu utoto wake huutazama mtumbwi na kusema, "Huu umeundwa vema," au, "Huu utapinduka." Basi kwa jicho lilo hilo na tuzitazame eropleni za Waingereza zilizofika Mwanza zamani.

Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza kupeleka barua kutoka Croydon, karibu na London, mpaka Mwanza; na safari ya kwanza ikafika mwezi wa Machi. Kutoka Khartoum njia iliufuata mto Naili hata ziwani, na eropleni za sehemu hiyo hazikuhitaji uwanja, kwa kuwa zilitua majini. Ziliitwa Short Calcutta, nazo ziliundwa na Short Brothers wa Rochester, kando ya mto Medway. Ya kwanza iliruka mwaka 1928, na mwezi wa Agosti mwaka huo ilitua mtoni Thames, mbele ya Bunge, ili wabunge waitazame.

Mtu akiiona picha yake mara ya kwanza huenda akacheka. Ina mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyoshikwa kwa nguzo na nyaya. Injini tatu zimetundikwa katikati. Na rubani ameketi mahali wazi, upepo ukimpiga usoni. Lakini tusiharakishe kucheka. Injini ziliwekwa juu ili rafadha zisipigwe na maji. Tumbo lake ni mashua kamili ya madini mepesi, yenye mkuku. Chini ya mabawa yaning'inia maboya mawili, na kazi yao ni ile ya mrengu wa ngalawa: kuzuia chombo kisilale ubavu. Tena chini ya tumbo pana kidato. Chombo kikienda mbio, hewa huingia hapo na maji huachia. Pasipo kidato hicho, maji yangalikishika kama tope lishikavyo mguu.

Wazee husema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Uzuri wa eropleni hizi haukuwa wa namna hiyo, kwa maana kila kilichoonekana kwa nje kilikuwa na kazi yake.

Mwaka 1936 mafundi wale wale walitoa nyingine, Short Empire. Hii ilikuwa na bawa moja tu, lenye upana wa futi 114 toka ncha hata ncha, na injini nne zimeingizwa katika ukingo wake wa mbele. Nyaya zote zile zimetoweka. Tumbo limeinuka juu, laini kama la samaki. Tangu mwaka 1937 zilipita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, zikienda Durban.

Lakini hazikupita Mwanza. Mwezi wa Januari 1932 njia ilipofikishwa Cape Town, iligeuzwa toka Kisumu kwenda Nairobi, Dodoma na Mbeya. Mwanza ilikuwa mwisho wa njia ile kwa muda usiotimia mwaka mmoja. Wala tusijidanganye: nauli ya vyombo vile haikuwa ya mvuvi, wala mvuvi hakuulizwa njia ipite wapi.

Hata hivyo, aliyesimama ufukoni na kutazama kwa akili alipata kitu kisicholipiwa nauli. Viwanja vilipoongezeka nchini, eropleni za majini ziliachwa. Mwaka 1950 shirika la BOAC likakomesha safari zake za namna hiyo. Somo limebaki. Enyi wanafunzi, mkipita kwa fundi wa mitumbwi, simameni mumwulize kwa nini mkuku wake umepindwa vile. Jibu lake litakuwa lile lile la mafundi wa Rochester: maji ndiyo yaliyotaka hivyo.