Kukata tamaa katika fasihi ya Kiswahili

Dhamira kongwe. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mji wa Pate umeanguka: vidaka vya ukutani vilivyopambwa vyombo vya kaure vimekuwa viota vya ndege. Hata hivyo, moyo unaoonywa humo bado una pa kukimbilia, kwa Mungu.

Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Ukerewe, aliufunga mlango huo. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, anataka kumlipizia kisasi Manase aliyempa mimba dada yake. Mwishowe anamwoa Sabina, dada wa Manase huyohuyo. Kisha anajiua. Wahakiki wengi humtaja mwandishi Mfaransa Albert Camus hapa, na ni haki yao, ila uchungu wa riwaya hii umetoka kijijini, kwa msomi asiyeelewana tena na wazee wake.

Swali la Kazimoto, kama maisha yana maana, halihitaji shahada. Katika kambi ya Katanika, karibu na Kalemie nchini Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, waliokimbia mapigano ya Waluba na Wabatwa walilala nalo vibandani.