Chenja ya CD (redio ya gari)

Chenja ya CD ni kifaa kinachobeba CD kadhaa, mara nyingi 6 au 12, na kuzibadilisha chenyewe. Katika magari ya Kijapani ya miaka ya 1990, ambayo bado yanahudumu Kibaha na Kisarawe, hufungwa zaidi kwenye buti.

Redio ya kiwandani yenye tundu la chenja huelewana kwa kawaida na chenja za mtengenezaji wake tu. Isiyo na tundu huhitaji modyuleta, inayokaa kati ya antena na redio na kupeleka sauti kwa masafa ya FM yasiyo na stesheni. Hapo ndipo fundi hupimwa: redio hizo hupokea megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni za Tanzania hurusha kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo masafa ya modyuleta sharti yawe chini ya 90. Kigeuza masafa, kinachoshusha stesheni za juu, kitangulie upande wa antena. Kikiwekwa baada ya modyuleta, huhamisha na sauti ya CD.

Skrubu za usafirishaji zing'olewe kabla ya kufunga, na springi zirekebishwe kulingana na mlalo wa kifaa. Bila hivyo CD huruka hata kwenye lami ya Barabara ya Morogoro, seuze njia za vumbi za vijiji vya Kisarawe.