Mzee wa Baraza na Mtu wa Kawaida: Uteuzi wa Washauri wa Mahakama katika Kesi za Mauaji ya Imani za Uchawi Usukumani

Katika nchi zenye juri, kama vile Marekani, wateule huhojiwa kabla ya kesi ili aondolewe yule ambaye mawazo yake yameelemea upande mmoja. Tanzania ilifuata njia nyingine. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, sawa na ile iliyoitangulia, iliagiza kesi za Mahakama Kuu zisikilizwe kwa msaada wa wazee wa baraza. Mahakama iliwateua, wao wakatoa maoni, na jaji hakufungwa nayo. Hoja ya makala haya ni kwamba, katika kesi za mauaji yatokanayo na imani za uchawi, mzee alihitajika kwa sababu ileile iliyomtia shakani: ukaribu wake na jamii.

Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, ilikuwa sehemu ya Bariadi, mkoani Shinyanga, kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012. Ni eneo la Usukuma, ambako wanawake wazee wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Chini ya utemi, uliofutwa mwaka 1963, neno la banamhala, yaani wazee, lilikuwa na uzito katika mashauri. Mahakama Kuu ilirithi heshima hiyo, lakini haikurithi mamlaka yake.

Uzito wa suala hili unaonekana katika Kanuni ya Adhabu. Kosa la kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kifo. Likithibitika kutendwa kwa hasira ya ghafla iliyochochewa, huwa kuua bila kukusudia. Kipimo cha uchochezi huo ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Jaji aliyetoka mbali alihitaji kuelezwa mtu huyo ni nani. Hata hivyo, mzee aliyemfahamu angeweza pia kushiriki hofu yake.

Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kuweka mpaka mwaka 1941, katika rufaa kutoka Uganda: imani ya uchawi peke yake si uchochezi. Mwaka 1954 ikasisitiza kuwa maoni ya wazee hupungua thamani wasipoelezwa sheria ipasavyo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo ilitambua kuwa mshtakiwa anaweza kumpinga mzee aliyeteuliwa. Kwa hiyo, kinga dhidi ya upendeleo ilitafutwa zaidi katika maelekezo ya jaji kuliko katika usaili wa wazee.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 yameacha matumizi ya wazee kwa hiari ya mahakama. Kipimo cha mtu wa kawaida, hata hivyo, hakikuondoka pamoja nao. Aidha, pingamizi lilikuwa haki ya mshtakiwa. Marehemu hakuwa na wa kumpingia mzee aliyeamini kuwa yeye ni mchawi, ilhali naye alikuwa mtu wa jamii hiyohiyo.