Mali Kauli: Tarehe ya Jumla na Rejareja, Bagamoyo hadi Kariakoo

Katika karne ya 19 jora la merikani lililofumwa New England liliweza kufika Ujiji likiwa limeuzwa mara tatu na halijalipiwa hata mara moja. Meli za Salem zilishusha mzigo Unguja. Wafanyabiashara wa Kihindi wakauchukua kwa ahadi ya kulipa baada ya miezi. Nao wakawakabidhi Waarabu na Waswahili wenye misafara, ambao walirudi na pembe, na mara nyingi na watumwa, baada ya mwaka au miaka, kama walirudi. Tippu Tip anakumbukwa kwa bunduki zake, na si bure, lakini aliingia bara na mali ya Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja aliyempa bidhaa kisha akangoja. Katika tarehe hii nashikilia kwamba kwetu mwuza jumla alikuwa mkopeshaji kwanza na mwenye ghala baadaye. Kila utawala uliojaribu kumwondoa ili bei ishuke uliuondoa na mkopo wake, na haukupita muda akarudi kwa jina jingine.

Bagamoyo, mfanyabiashara wa Kihindi Sewa Haji Paroo aliuandalia msafara kila kitu, wapagazi wakiwemo. Alifariki mwaka 1897 akiacha hospitali na shule zilizojengwa kwa fedha yake. Hisani hiyo isitusahaulishe faida iliyoilipia. Kijana aliyeanzia kazi kwake, Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, ndiye aliyegeuza njia ya msafara kuwa mnyororo wa maduka, kwanza bara ya Bagamoyo, kisha akaifuata reli ya Uganda, ambayo ilifika ziwani mwaka 1901, hadi Kampala na mbele yake. Duka la aina hii liliuza na kununua kwa wakati mmoja. Mkulima alichukua chumvi na kaniki, akaleta ufuta, ngozi au pamba. Mazao yakateremka pwani kulipia mzigo uliotangulia, na mzigo mpya ukapanda. Mwenye kukaa dukani mara nyingi alikuwa kijana wa jamaa au wa jamati moja, ambaye baada ya miaka ya utumishi alipewa bidhaa kwa mkopo afungue lake. Hakukuwa na rehani. Dhamana ilikuwa sifa yake miongoni mwa watu ambao angeoa kwao, angeswali nao na angezikwa nao, na kijana aliyekula mali ya watu hakuwa na pa kukimbilia.

Hapo ndipo ilipo hoja nzito kuliko zote dhidi ya utaratibu huu, nami sitaipita kwa haraka. Mkopo unaosimama juu ya ukoo na dini humfungia nje asiye wa ukoo na dini hiyo. Chini ya Waingereza ngazi zilikuwa tatu: kampuni za Kizungu kama Smith Mackenzie ziliagiza kutoka ng'ambo, Wahindi waliuza jumla na kushika maduka mengi ya rejareja, na Mwafrika akabaki na genge au meza ya sokoni. Serikali ya kikoloni ilizidi kumbana kwa sheria zilizozuia kumkopesha Mwafrika, kwa madai ya kumlinda na madeni. Ikawa tajiri akimkopesha hana uhakika wa kumdai mahakamani. Basi waliosema mwaka 1961 kwamba uhuru wa bendera hauna maana ikiwa duka ni la mwingine hawakuwa na wivu tu. Walikuwa wanaeleza jambo lililoonekana kwa macho katika kila mji wa Tanganyika.

Serikali mpya ilianza kwa upole, kwa maduka ya ushirika. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, ikataifisha kampuni kubwa za uagizaji na kuunda Shirika la Biashara la Taifa, ambalo mwaka 1973 lilivunjwa, na kila mkoa ukawa na kampuni yake ya biashara, ile RTC ambayo wazee bado huitaja kwa kicheko kikavu. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi yafungwe, ya ujamaa yashike nafasi. Haikumaliza mwaka, ikasimamishwa, kwa sababu vijiji vilikosa chumvi na kiberiti. Duka la kijiji lilikuwa na kaunta, rafu na kamati, ila halikuwa na mtu wa kulipa mzigo wa leo kwa mavuno ya miezi minne ijayo. Mgao wa RTC nao ulimtambua mwenye kibali; mwenye mteja hakuwa na mahali katika hesabu hiyo.

Patakuwa na wa kunijibu kwamba uhaba ule uliletwa na bei ya mafuta, ukame, vita ya Kagera ya 1978 na 1979 na ukosefu wa fedha za kigeni, wala si kufungwa kwa maduka. Ni kweli, na hakuna mfumo wa rejareja unaozalisha sabuni isiyokuwepo. Lakini uhaba hauelezi njia ambayo sabuni chache zilizokuwepo ziliifuata. Zilitoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwa mlanguzi, ambaye alikuwa mwuza jumla yule yule, sasa akiuza hofu yake pamoja na bidhaa. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Sokoine, uliwakamata wengi na kuzidi kukausha rafu. Mwaka uliofuata serikali ikawaruhusu wenye fedha zao nje walete bidhaa, na bidhaa zikaja.

Kariakoo ya leo ni mtoto wa ruhusa hiyo. Jengo la soko alilolichora Beda Amuli lilikamilika katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya vyakula. Biashara kubwa iliota nje yake, katika fremu za mitaa inayolizunguka, ambako wanunuzi hufika kutoka Lubumbashi, Lusaka, Bujumbura na Moroni. Wachaga, Wakinga na Wapemba wamejenga humo minyororo yao wenyewe, na mtu aliyeisoma habari ya Allidina Visram ataitambua mara moja: kijana anakaa dukani kwa mjomba, anajifunza, kisha anapewa mzigo mali kauli, yaani alipe akishauza. Mwenye kontena anampa wa jumla, wa jumla anampa wa fremu, wa fremu anampa machinga jozi kumi za viatu asubuhi na kupokea fedha, au viatu, jioni. Winga hana hata jozi hizo. Anamleta mteja, anaongeza chake juu ya bei ya mwenye duka, na mtaji wake wote ni kuaminiwa. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipogoma na kufunga maduka Mei 2023, usajili wa stoo uliotakiwa na mamlaka ya kodi ulikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Kukwepa kodi kulikuwamo, bila shaka. Lakini fomu inayomtaka mtu mmoja ajiandikishe kuwa mwenye mali haikutungwa kwa stoo ambayo robo ya mzigo haijalipiwa na robo nyingine imewekwa na jirani.

Kuna wanaosema maduka makubwa ya kisasa na mikopo ya simu vitaumaliza utaratibu huu. Nakumatt ya Kenya, iliyochukua maduka ya Shoprite nchini mwaka 2014, ilianguka ikiwa na madeni makubwa kwa waliokuwa wakiipelekea bidhaa: rafu zake zilijaa mali kauli, tofauti ikiwa kwamba hapo mnyonge alimkopesha mkubwa. Mkopo wa simu nao una siku zake na riba yake, na hudai fedha. Viatu visipouzika, mtandao haupokei viatu. Mwenye fremu hupokea.