Mtoto mmoja, karatasi tatu: namna jina la usonji lilivyobadilika toka 1911

Ndugu wakaaji wa Ruashi, na ninyi ndugu wahami mliotoka Pweto, Mitwaba, Manono ao Kivu, leo tuongee juu ya jambo lenye kusumbua wazazi wengi. Mtoto hasemi kama wenzake, haitiki jina, anarudilia kitendo kilekile siku nzima. Munganga wa kwanza anaandika « psychose infantile », yaani wazimu wa utotoni. Familia inahama, munganga wa pili anaandika « TED ». Miaka inapita, wa tatu anaandika « TSA ». Nyumbani nako, bibi anasema ni malaria iliyomharibu mtoto, na jirani anasema ni ulozi. Mzazi anabaki na swali: nani anasema kweli?

Sehemu kubwa ya jibu iko katika historia. Mara nyingi mtoto ni yuleyule, kilichobadilika ni kitabu cha wanganga.

Jina tunaloona kwenye karatasi za hospitali zetu ni la Kifaransa, « autisme ». Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanasema usonji. Neno lile la Ulaya lilitungwa na munganga Mswisi Eugen Bleuler, na likaenea toka mwaka 1911. Alilitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya « mwenyewe ». Lakini yeye hakuwa anaongea juu ya watoto. Alikuwa anaeleza watu wakubwa wenye ugonjwa wa akili unaoitwa skizofrenia, wenye kujifungia ndani ya mawazo yao.

Mwaka 1943, kule Baltimore, Marekani, munganga Leo Kanner aliandika juu ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Aliona kwamba walizaliwa na hali ile. Aliazima neno la Bleuler, na hapo vurugu ikaanza, kwa sababu jina moja lilibeba sasa mambo mawili. Kitabu ambacho wanganga wa akili wa Marekani wanatumia kwa kupanga magonjwa, toleo la 1952 na lile la 1968, kiliweka watoto wa namna hii chini ya skizofrenia ya utotoni. Mtoto aliyepimwa wakati ule alipewa jina la wazimu, hata kama munganga alimwangalia vizuri.

Kisha lawama ikaangukia akina mama. Wanganga wengine walisema mtoto alijifunga kwa sababu mama yake hakumpenda. Bruno Bettelheim, wa Chicago, alitangaza mawazo hayo katika kitabu chake cha 1967. Mama wengi walibeba aibu hiyo miaka na miaka. Lakini tayari mwaka 1964, Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameandika kwamba chanzo kiko katika mwili, si katika upendo wa wazazi. Mwaka 1977, Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha. Kati ya jozi 11 za mapacha wenye kufanana kabisa, katika jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya jozi 10 za mapacha wasiofanana, hakukuwa hata moja. Hiyo ilionyesha kwamba urithi wa damu unahusika. Mama yeyote anayesikia bado lawama ile hapa kwetu, ajue kwamba sayansi iliiacha zamani.

Mwaka 1979, kule London, Lorna Wing, naye mama wa binti mwenye usonji, pamoja na Judith Gould, walionyesha kwamba hali hii haina sura moja. Kuna mtoto asiyesema hata neno, na kuna mwenye kusema sana lakini hajui kuongea na wenzake. Polepole vitabu vikafuata. Mwaka 1980 kitabu cha Marekani kilitenga usonji na skizofrenia. Mwaka 1994 kiliongeza jina la Asperger. Mwaka 2013 kililifuta tena, na majina yote yakaingia chini ya moja, lile ambalo kwa Kifaransa linafupishwa « TSA ». Shirika la Afya Duniani, OMS, lilifuata njia hiyo katika orodha yake mpya iliyoanza kutumika Januari 2022. Katika orodha yake ya zamani, kundi hilo liliitwa « TED ».

Sisi Wakongomani tumesoma udaktari kwa Kifaransa, na Ufaransa ilikuwa na orodha yake. Ile ya mwaka 1988 iliweka bado usonji wa watoto kati ya « psychoses ». Ni mwaka 2012 tu ambapo mamlaka ya afya ya Ufaransa iliamua kupendekeza kwanza njia za kufundisha mtoto na kumzoeza, badala ya zile za kutafuta kosa ndani ya familia. Basi « psychose infantile », « TED » na « TSA » zinaweza kuwa majina matatu ya hali moja, kufuatana na kitabu ambacho munganga alisomea.

Lakini si kila tofauti inatoka kwenye kitabu. Bibi naye tusimcheke. Mwaka 2006 watafiti waliandika juu ya watoto 20 wa Tanzania. Kati yao 14 walionekana kweli kuwa na usonji. Watatu kati ya hao 14 walikuwa wanakomaa vizuri mpaka umri wa miezi 22, 35 na 42, kisha wakapata malaria kali yenye homa ndefu na kifafa, na usonji ukaonekana walipopona. Kwa wengine 4, ugonjwa wenye homa na usonji vilikaribiana, lakini haikuwa wazi kama kimoja kilileta kingine. Kwa 7 waliobaki, hakukuwa uhusiano wowote na ugonjwa. Kwa hiyo malaria inaweza kuwa ndani ya hadithi ya mtoto mmoja, na isiwe ndani ya ile ya mwingine.

Juu ya ulozi, sheria ya nchi yetu iko wazi. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mlozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inaadhibu tendo hilo. Anayemfukuza mtoto nyumbani, ao kumfungia na kumnyima chakula ili « atolewe pepo », anavunja sheria.

Kwa ndugu wahami kuna ugumu zaidi. Mtoto aliyekuwa anasema vizuri, kisha akanyamaza baada ya kuona vita, anaweza kuwa na jeraha la woga, si usonji. Kwa kawaida dalili za usonji zinaonekana mapema, mara nyingi mbele ya miaka mitatu. Tena mtoto mmoja anaweza kubeba yote mawili. Munganga mpya wa Lubumbashi anamwona mtoto wa leo tu. Kama karatasi zilibaki kijijini ao ziliungua, wewe mzazi ndiwe mwenye kujua ya jana.

Basi chukua daftari. Andika mtoto alikaa lini, alitembea lini, alisema neno la kwanza lini, na kama alipoteza maneno, ni mwezi gani. Andika malaria kali, kifafa, na siku mliyokimbia. Piga picha ya kila karatasi kwa simu, hata ile yenye jina la zamani, na usitupe hata moja. Omba masikio yapimwe, sababu mtoto asiyesikia naye haitiki jina. Kama anakunywa dawa ya kifafa, usiikate kwa sababu jina la ugonjwa limebadilika.

Na ukipewa jina jipya, muulize munganga bila woga: « Hili linachukua nafasi ya lile la zamani, ao ni kitu kingine? » Kisha umwombe aandike jibu lake na tarehe. Mkihama tena, munganga atakayefuata ataanzia hapo.