KUTOKA UPATU HADI AKIBA YA UZEENI



Tunapoadhimisha miaka 10, ni vizuri tukatazama nyuma kidogo. Wengi hudhani kwamba habari ya akina mama kuweka akiba imeletwa na wafadhili. Si kweli. Tulikuwa tukicheza upatu kabla mfadhili yeyote hajafika. Lakini lipo swali moja ambalo historia hiyo haijalimaliza: mwanamke asiye na mwajiri atastaafu lini, na kwa fedha ipi?

Tuanze na wenye mishahara. Mwaka 1964 ulianzishwa mfuko wa NPF. Mfanyakazi alikatwa kila mwezi, mwajiri naye akaongeza sehemu yake, na mwishoni mtu akapewa chake kwa mkupuo. Sheria ya mwaka 1997 ikaugeuza kuwa NSSF, mfuko unaolipa pensheni kila mwezi. Utaratibu wake unajulikana: kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni miaka 60, na uwe umechangia angalau miezi 180. Mama lishe, mshonaji na muuza vitumbua hawakuwa na mwajiri wa kuwakatia. Hakuna anayewaandikia barua ya kustaafu. Huacha kazi siku mwili unapokataa. Wenzetu walipata kiinua mgongo, sisi tukabaki na mgongo wenyewe!

Basi akina mama wakajitafutia njia. Miaka ya 1980 bei zilikuwa zikipanda kwa kiasi cha asilimia 30 kwa mwaka, na mshahara wa baba haukufika mwisho wa mwezi. Aliyeficha hela chini ya godoro alikuta zimeyeyuka thamani. Upatu ulifaa kwa sababu hela haikulala: leo umepokea, kesho umenunua unga, sukari au bati. Miaka ya 1990, maelfu ya wafanyakazi walipopunguzwa kazini, nyumba nyingi ziliendeshwa na biashara hizo ndogo ndogo za akina mama.

Hata hivyo upatu una kasoro yake. Watu 10 wakitoa sh. 1,000 kila wiki, kila mmoja kwa zamu yake anapokea sh. 10,000. Hakuna kilichozaliwa hapo. Tena wa mwisho kupokea ndiye aliyewakopesha wenzake wote bila faida.

Jibu la kasoro hiyo lilitoka mbali. Mwaka 1991, katika eneo la Maradi nchini Niger, wanawake wa vijijini pamoja na shirika la CARE walianza vikundi vilivyoitwa Mata Masu Dubara. Badala ya kumpa mmoja michango yote, waliitunza pamoja, wakakopeshana kwa riba, na riba ikabaki kuwa mali yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 utaratibu huo ulifika Zanzibar, kwenye vijiji vya jirani na msitu wa Jozani. Huku Bara ukazoeleka kwa jina la VICOBA. Hisa, sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu: yote hayo tunayajua. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, na vikundi kama vyetu vikaingizwa katika sheria.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kila mwisho wa mzunguko tunavunja sanduku na kugawana. Utaratibu huu una maana yake: hesabu inaonekana, mwizi hapati nafasi, na anayetaka kutoka anatoka na chake. Lakini mgao unapoisha kwenye ada, sikukuu na madeni, mwaka mpya unatukuta tena sifuri. Tujiulize bila kuoneana haya: katika migao yote hii, ni kiasi gani kimebaki kwa ajili ya siku nitakayozima jiko?

Wapo wenzetu wanaojibu vizuri. Mama aliyejenga vyumba viwili vya kupangisha amejitengenezea pensheni. Na akumbuke kuandika jina lake kwenye karatasi, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mwanamke aliyeolewa kumiliki mali yake mwenyewe.

Kwa wengine, pendekezo ni hili: mgao uendelee, ila sehemu yake isifike nyumbani. Ukitenga sh. 2,000 kila wiki, kwa mwaka ni sh. 104,000, na kwa miaka 20 ni sh. 2,080,000 kabla ya faida. Ila zisilale kwenye kibubu. Miaka ya 1980 imetufundisha. NSSF inaandikisha pia waliojiajiri, na UTT inauza vipande vya uwekezaji tangu Mfuko wa Umoja ulipoanza mwaka 2005. Kila mtu aulize masharti mwenyewe kabla ya kutoa hela yake.

Akina mama, kustaafu mapema si uvivu, wala si jambo la wakubwa wa ofisini peke yao. Ni kuacha kazi kwa hiari yako, ungali na nguvu, bila kumgeuza mtoto wako kuwa mfuko wa pensheni. Miaka 10 ya kwanza tumejifunza kuweka na kukopa. Miaka 10 ijayo tujifunze kubakiza. Akiba haiozi.